Ruhusa ya Kupasua

Kazi yangu katika hospitali moja ya Bukavu, miaka ile ya Zaïre, ilikuwa na jina zuri la Kifaransa: assistante sociale, yaani afisa wa ustawi wa jamii. Kwa kweli nilikuwa yule mwanamke anayetumwa kwa wafiwa pale daktari anapoogopa kwenda mwenyewe. Mtu akifa na daktari hajui kilichomuua, mimi ndiye niliyekwenda kuomba ruhusa ya kupasua maiti.

Wenzangu walikuwa na maneno yao laini. "Munganga anapenda kumuangalia kidogo," walisema, yaani daktari, familia ikakubali, kisha wakati wa kumvika marehemu ikakuta mshono kutoka kifuani hadi chini ya kitovu. Matusi yaliyofuata yalitushukia sote tuliovaa nyeupe. Mimi nilisema kupasua, waziwazi, na nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa. Nilijiona ndiye mwenye adabu peke yangu katika jengo lile.

Siku ninayoikumbuka, aliyekufa alikuwa mwalimu kijana. Wiki tatu alikuwa na homa, akimeza vidonge vya malaria na kwenda kufundisha hivyo hivyo. Jumapili alikwenda kula kwa kaka yake. Jioni tumbo likamshika, likavimba, likawa gumu kama ubao, na Jumanne alfajiri akafariki kabla daktari hajaamua la kufanya. Aliyepika chakula cha Jumapili alikuwa mke wa kaka. Kufika saa nne asubuhi neno lilikuwa limeshazunguka ua mzima wa hospitali: karuho, ile sumu ya kwenye chakula ambayo kwetu kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona.

Nilimkuta yule mwanamke amekaa peke yake kando ya bomba la maji, mtoto mgongoni. Mume wake alikuwa kazini Kamanyola, habari hazijamfikia. Dada mkubwa wa marehemu alikuwa amekwisha kukata shauri mbele ya watu: mke huyo arudi kwao leo leo, na watoto wake wanne wabaki. Yule mwanamke aliponiona alinishika mkono.

"Maman, bamupasule," aliniambia. "Bataona sikuweka kitu. Batoto yangu, maman."

Ruhusa nyingine zote nilikuwa nimeziomba kwa ajili ya daktari, na familia ikikataa nilikwenda zangu kunywa chai. Hii niliiomba kwa ajili ya mtu, na niliogopa kukataliwa.

Baba wa marehemu alikuwa mzee mrefu kutoka Luhwindja, koti lake limefungwa vifungo vyote. Nilikaa naye kwenye benchi, nikampa pole, nikasema nililotumwa.

"Mutamupasula mutoto yangu?"

"Ndiyo, papa. Sawa vile banapasulaka mugonjwa. Kisha banamushona muzuri."

"Papa, usikubali!" yule dada alipiga kelele nyuma yetu. "Sisi tunajua ile kitu ilimuua!"

Mzee hakumgeukia. Aliniuliza mimi.

"Na mutaiona, ile kitu ilimuua?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema yote. Hospitali yetu haikuwa na chombo cha kupimia sumu. Daktari angeweza kuona ugonjwa, kama ulikuwepo, lakini sumu asingeweza kuithibitisha wala kuikana. Nilijua vizuri kabisa. Lakini nilimfikiria yule aliyekaa kando ya bomba.

"Tutaiona, papa."

Akaweka kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo hakuna mtu pale angeisoma.

Saa mbili zilizofuata nilipanga faili zilizokuwa zimeshapangwa. Nilimwomba Mungu uonekane ugonjwa, ugonjwa wowote, halafu nikaona haya kumwomba Mungu kitu cha namna hiyo. Hatimaye daktari alitoka, glovu bado mkononi. Ni tifoide, alisema, homa ya matumbo ya wiki tatu zile zote. Mwishowe imetoboa utumbo. Chakula cha Jumapili hakikuhusika. Nilitaka kumkumbatia. Nilirudi uani karibu nikikimbia, na niseme ukweli, nilikuwa na furaha, mbele ya watu wenye msiba.

Walisimama wote. Hata yule mwanamke alisogea, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Papa, munganga ameona," nilisema kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie. "Utumbo ilitoboka."

Nilitaka kuendelea na tifoide. Sikufika.

"Karuho!" dada alilia, mikono kichwani. "Imemutoboa matumbo!"

Neno likapita kinywa hadi kinywa mpaka langoni. Kwetu hiyo ndiyo kazi ya ile sumu, kutoboa. Mimi mwenyewe nilikua nikisikia hivyo jikoni kwa mama yangu, tena mara nyingi, na siku ile wazo hilo halikunijia kabisa. Nilipaza sauti: iko tifoide, iko ugonjwa ya maji muchafu, munakumbuka ile homa? Nani angenisikiliza?

"Ulisema mutaiona," mzee aliniambia taratibu, kama mtu anayeshukuru. "Mumeiona."

"Hapana, papa, sikia kwanza..."

Alikuwa ameshanipa mgongo. Nilipowafuata hadi langoni, dada alikuwa anamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake. Mtoto hakulia, alimjua shangazi yake. Nilimwambia yule mwanamke ningerudi kwa daktari, angeandika barua na kupiga muhuri, ningeipeleka mwenyewe nyumbani, ningewasomea wote kwa Kiswahili, neno kwa neno.

"Maman, acha," alisema. Hakuwa na hasira, na ningependa awe nayo. "Usiseme tena. Kila neno unasema, bale batu banaongeza yabo."

Alikunja kile kitambaa cha kubebea mtoto, akakiweka kwapani, akashuka barabara peke yake.