Shimo la Ndizi Nyuma ya Jiko

Kijiji kizima cha Mghange kilijua kwamba kwa habari ya ndizi, Peris hakuwa na mpinzani. Mkungu ukiwa bado mgombani, aliubonyeza kidole kimoja tu akakwambia huu ni wa kupika, huu ni wa kula, na ule pale uache kwanza. Mkono wa tembo, ndizi ya kupika, aliutaka ungali na kona kali, maana ukishajaa sana, kimanga chake, zile ndizi za kupondwa na maharage, hugeuka kitamu kama uji wa mtoto. Ndizi kisukari alizitaka kinyume: zinenepe mpaka kona zipotee, ndipo azivundike. Nyuma ya jiko alikuwa na shimo lake. Alilitandika majani makavu, akazipanga ndizi, akafukiza moshi kidogo, akafunika kwa udongo. Siku ya tano zilitoka za manjano, laini, zikinukia hadi njiani.

Kazi hiyo yote ilikuwa na mwenyewe. Mumewe, Alexander, alikuwa bandarini Mombasa, na nyumbani alifika mara moja kwa mwaka, akibahatika. Akifika, hata mkoba hajautua, alikwenda jikoni akala kisukari akiwa amesimama.

Kabla ya Pasaka ya mwaka 1954 aliandika kwamba angeshuka Voi Jumamosi. Peris akavundika. Lori likapanda mlima kutoka Voi, likashusha watu, na Alexander hakuwamo. Ndizi zikaanza madoa, ikabidi azigawe. Jirani yake Jedidah alikula huku akisifu, na Peris, Mungu amsamehe, alitamani kumnyang'anya. Agosti ikaja barua nyingine, akavundika tena, na likizo ikaahirishwa tena. Likizo huahirishwa. Nani amewahi kuahirisha ndizi iliyoiva?

Barua ya tatu ilifika Desemba: angekuja Jumamosi. Peris aliisoma mara mbili, akaitia ndani ya Biblia, akachukua panga na kukata mkono wa tembo tu; kisukari hakuzigusa. Mkungu wa kupika ukitundikwa jikoni huvumilia siku kadhaa, na mgeni asipotokea, wenyeji wataula bila uchungu. Alijiambia kwamba hiyo ni busara. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka kutumaini.

Jumamosi hiyo Alexander akaja. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwanza. Aliwasalimu watu, akazunguka nyuma ya jiko na mkoba wake mkononi. Shimo lilikuwa tupu, limeingia maji ya mvua.

"Mama Loise," akasema polepole, "naona mara hii hukunivundikia."

"Nilivundika Pasaka. Nikavundika Agosti. Ndizi hazijui kungoja, Baba Loise."

Alexander aliutua mkoba. Alivua koti, akayachota yale maji, kisha akachukua panga akaelekea mgombani.

"Siyo huo," Peris akamwambia. "Ule wa pili."

Wakavundika pamoja, magoti yao yakiwa udongoni. Alexander akauliza zitakuwa tayari lini.

"Alhamisi."

"Gari langu la moshi ni Jumanne."

Peris alitia moshi kupita kiasi, kosa ambalo angemkemea mtu yeyote, na kila mara alikwenda kuugusa udongo kuona kama umeshika joto. Jumanne asubuhi alifukua. Ndizi zilikuwa za manjano upande mmoja na kijani upande wa pili. Kwa siku nyingine angeona haya kumpa hata mbuzi. Akamenya moja, akampa.

Alexander aliila yote, utomvu ukimkaza mdomo, akaomba ya pili.

"Tamu," akasema.

Hakuna mtu milimani aliyeweza kumdanganya Peris juu ya ndizi. Aliitikia kwa kichwa tu. Zilizobaki akazifunga ndani ya kikapu.

"Zitaiva Alhamisi," akamwambia. "Uzile wewe mwenyewe. Usimgawie mtu."

Alhamisi mchana Peris aliacha kupalilia, akasimama na jembe lake, akiangalia upande wa Voi. Alijua zimeiva.