Nyaya Nilizomsukia Baba Mdogo

Juzi alikuja kwangu kijana wa kufunga king'amuzi. Alikuwa hana kisu cha kumenyea waya, akawasha kiberiti, akaunguza ncha ya plastiki, kisha akaivuta kwa meno ingali ya moto. Harufu ile ikanipanda puani, nami, mwanamke mzima mwenye shahada mbili na maoni juu ya kila kitu, nikalazimika kutoka nje nikijifanya nakagua maua. Sina maua. Nina mchicha na ndoo iliyopasuka.

Kwangu harufu hiyo ni Mfaranyaki, mtaa niliokulia, ni baridi ya Juni, ni Baba mdogo Gaudensi amechuchumaa uani na kiberiti mkononi. Alikuwa mdogo wake baba, fundi katika karakana ya magari, na ugonjwa wake ulikuwa sauti. Alikuwa na televisheni, deki ya video, na spika mbili ndefu alizoziunda mwenyewe kwa mbao za mninga. Aliona aibu filamu ya ngumi isikike kama watu wanaokung'uta magodoro. Alitaka ngumi ikimfikia mtu, wewe uliyekaa kwenye kochi uisikie tumboni. Kwa hiyo kila spika akaipa amplifaya mbili, moja ya kulisha besi, nyingine ya kulisha sauti nyembamba, akanieleza sababu kwa namna ambayo mtoto wa kwaya angeielewa.

"Mwimba besi na mwimba sauti ya kwanza ukiwapa pafu moja, mmoja ataimba na mwenzake atakohoa."

Amplifaya mbili zilitaka nyaya maradufu, na nyaya nene hazikupatikana dukani Majengo. Bahati nzuri, karakana ilikuwa inabomoa ofisi yake ya zamani, na mwenye karakana akampa Baba mdogo kebo ya simu iliyokuwa imezikwa ukutani. Tuliichana kwa kisu. Ndani mlijaa nyuzi za shaba, kila uzi na koti lake: bluu, chungwa, kijani, kahawia. Uzi mmoja ulikuwa mwembamba mno kwa spika, ikabidi nyuzi nyingi zisukwe pamoja. Baba mdogo alijaribu akatoa kitu kama kiota cha kunguru. Mimi ndiye niliyekuwa nasuka vichwa vya wasichana nusu ya mtaa, kwa hiyo kazi ikawa yangu.

"Usivute sana," alinionya. "Hiyo si Veronika, haitalia, itakatika."

Nilisuka mpaka vidole vikawa na alama. Nyaya zilikuwa nzuri kuliko kichwa chochote nilichowahi kusuka, na tulizimaliza wiki ya kipaimara changu.

Lakini wiki hiyo mtaa wetu ulikuwa na msiba. Wezi walikata waya wa simu unaokwenda zahanati. Mke wa jirani yetu Kasiani alishikwa na uchungu, ikashindikana kuita gari la wagonjwa, akafa yeye na mtoto. Siku ya sherehe Mama alimfuata Kasiani nyumbani kwake, akamwambia asikae peke yake, aje angalau ale. Akaja. Akakaa karibu na mlango, sahani mapajani, bila kula.

Sebule ilijaa wanaume. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya pilau. Baba mdogo akaweka filamu ya karate, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Mfaranyaki teke lilisikika mpaka kwenye mbavu. Watu walishangilia. Hapo ndipo alipoingia Mzee Rajabu, Myao wa Tunduru, mwuza korosho, mtani wetu.

Utani wetu una sheria zake. Wangoni na Wayao walipigana zamani mpaka wakachoka, wakabaki kutukanana kwa upendo. Na ukisingiziwa na mtani, hukani. Anayekana ameshindwa. Unakubali, halafu unaongeza.

Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia huku akitazama nyaya zangu, zilizopita sakafuni kama nyoka waliovalia sikukuu. Akaziinua kwa ncha ya fimbo.

"Wangoni bwana. Babu zenu waliiba ng'ombe wetu, nyie sasa mnakula nyaya za simu. Si ndizo hizi zilizopotea?"

"Ndizo," akajibu Baba mdogo bila kugeuka. "Nilipanda nguzo mwenyewe nikazikata. Na nikimaliza nakuja kung'oa meno yako, Myao, nikayafanye misumari ya matoroli."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Kasiani aliweka sahani chini, taratibu, akatoka.

Aliporudi alikuwa na vijana wa barabarani, na mmoja alishika kipande cha nondo. Hawakuuliza kitu. Walimkamata Baba mdogo shingoni, wakamburuta hadi mbele ya nyumba, na pigo la kwanza lilitua kwenye taya. Niliona meno yakitoka. Wageni waliokuwa wakishangilia karate, wengine walikimbia, na wengine, Mungu awasamehe, walijiunga. Mtu mmoja aliingia ndani akachukua dumu letu la mafuta ya taa. Mwingine alikuwa anauliza tairi liko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi.

Mzee Rajabu alijitupa juu ya Baba mdogo.

"Ni utani. Mimi mtani wake. Jamani, nimemtania."

"Basi mchomeni na mtani wake," kijana mmoja akasema, na nondo ikashuka kwenye mkono wa mzee. Ulipinda pale usipopaswa kupinda.

Na Mama hakuja. Wanawake kumi na kitu walikuwa hatua chache nyuma ya nyumba, na hakuna aliyekuja. Ndipo nikaelewa: ndani filamu ilikuwa inaendelea. Mateke, vilio, mifupa inayovunjika, vyote vikitoka safi, besi yake na sauti yake nyembamba. Jikoni walikuwa wanasikia kipigo, wanasonya na kusema Gaudensi apunguze.

Nilikimbia ndani nikashika nyaya nilizozisuka, zote kwa pamoja, nikavuta kwa uzito wangu wote. Amplifaya zilianguka. Ukimya ukaingia, na ndani ya ukimya ule kipigo kikaendelea. Sauti ya kweli ni tofauti. Ni ndogo, ina majimaji.

Mama alitokea akiwa na mwiko wa moto. Alimchapa wa kwanza usoni, kisha akaanza kuwaita majina, mmoja mmoja, wewe mtoto wa fulani, wewe niliyekunyonyesha mama yako alipolazwa. Kila aliyetajwa alionekana kama ameamshwa. Kwa Kasiani alishusha sauti.

"Jana nilikuletea uji, Kasiani. Nilikuletea kwa mikono hii."

Kasiani alikaa chini vumbini akaanza kulia kilio ambacho hakukilia makaburini. Dumu la mafuta lilikuwa limeshafunguliwa.

Baba mdogo alilazwa hospitali ya Peramiho. Alirudi taya limefungwa kwa waya na sikio la kulia limekufa. Waliompiga hawakuja kumwona, ingawa tuliendelea kukutana nao kisimani na kanisani, tukiulizana habari za asubuhi.

Aliyekuja ni Mzee Rajabu, mkono kwenye plasta. Alikaa kwenye kigoda akauliza habari za afya kwa adabu ya mtu aliyekuja kuposa. Hakutania. Nikaona haya kwa niaba yao. Kisha Baba mdogo akasema, kupitia meno yaliyofungwa, "Myao bwana. Hata kupigwa lazima uige."

Mzee Rajabu aliinuka. Akaenda mlangoni, akachungulia nje kulia na kushoto, akaufunga, akasukuma komeo kwa mkono wake mzima. Ndipo akarudi, akainama karibu na sikio lililobaki, akamtukana kwa kunong'ona. Wakacheka kwa mabega tu, bila sauti, kama watoto ndani ya kanisa.

Nilikuwa mtoto, na ilikuwa Juni. Nilidhani amefunga mlango kwa sababu ya baridi.