Ahadi Niliyoitoa Nikiwa kwenye Magongo

Kosa langu halikuwa kuanguka. Kosa langu lilikuwa kusimama na kuongea siku ya maombi ya shukrani.

Kwetu Kimulot, mtu akitoka hospitali akiwa hai, mbuzi huchinjwa, hema husimamishwa, na kila mmoja hupewa nafasi ya kusema. Shemeji zangu walisema. Mchungaji alisema, kisha akakumbuka jambo, akasema tena. Halafu wakaniambia, "Sasa mwenyewe asalimie watu." Nikasimama na magongo yangu mawili, machozi yakinitoka, nikaona nyuso zote zile zinangoja kitu. Nikawapa. "Mbele ya Mungu na mbele yenu, mimi sitapanda farasi tena maisha yangu." Vigelegele vilivyopigwa hapo sikuvipata hata siku ya harusi yangu.

Baba yangu alikuwa mtunza farasi wa meneja kwenye shamba kubwa la chai. Meneja alipohama alimwachia farasi jike mmoja, na baba alipofariki, ndugu zangu walichukua ng'ombe, mimi nikachukua farasi. Walinicheka sana. Lakini mvua ikinyesha na pikipiki zikikwama kwenye tope, mimi ndiye niliyefikisha maziwa ya majirani kwenye mtambo wa kupozea. Nikiwa chini mimi ni mke wa mtu na mama wa watu. Kule juu nilikuwa mimi tu, na nilipapenda, sitaficha.

Asubuhi moja jirani aliwasha mashine ya kuchuma chai bila kujua tunapita. Farasi akaruka, mimi nikaangukia chai iliyopogolewa juzi yake. Chai ambayo haijapogolewa ingenipokea kama godoro. Iliyopogolewa ni vijiti vilivyokatwa mshazari, vyote vinatazama juu. Kimoja kiliniingia pajani, na nyonga ya kushoto ikavunjika. Hospitalini wakaniwekea chuma.

Baada ya ahadi ile nilifungiwa kwa upendo. Akina mama wa kanisa waliniletea mursik, maziwa yetu ya mgando, wakanichumia majani ya chai, wakanifulia, na nikisogea tu kwenye uzio wa farasi, mmoja angesema, "Mama, kumbuka ulisema." Farasi mwenyewe alisimama kutwa pembeni mwa chai ya jirani, akila nyasi na kunenepa, akinitazama. Nilikuwa kama kuku aliyefunikwa kikapu: naona nje vizuri kabisa kupitia matundu.

Mume wangu ni mtu mwema, na watu wema huwa na haraka ya kusaidia. Alimpata mtu wa Bomet anayepandisha watoto farasi kwenye sherehe, wakakubaliana aje Jumamosi kumchukua wangu.

"Hiyo farasi ni ya nini sasa," aliniuliza, "na wewe mwenyewe uliapa?"

Nilienda kulia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumatano nilimwendea mchungaji, nikamwomba anifungue ahadi yangu. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mama, ile siku ulikuwa umejaa dawa ya maumivu! Mungu anajua hiyo. Kama unataka kupanda, panda."

Nilidhani nitafurahi. Badala yake nikatoka pale nimemkasirikia mtumishi wa Mungu bure. Alikuwa ameniondolea kisingizio. Ukweli ni kwamba kila mashine ile ilipowashwa, hata nikiwa namenya viazi, kisu kilinitoka mkononi. Niliogopa. Niliogopa tangu siku niliyoanguka, na ahadi ilinipa mahali pa heshima pa kujifichia.

Ijumaa mume wangu alienda dukani. Nilimtandika farasi, nikaburuta benchi la jikoni hadi kando yake, nikapanda juu ya benchi, nikaegemea tandiko kwa tumbo, nikarusha mguu wa kulia. Nilipokaa, mguu mbovu ulilipiga benchi teke, likaanguka kichwa chini.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Kushuka kunahitaji mguu wa kushoto, na wangu haukuweza kunibeba. Nyumbani hakukuwa na mtu. Kitu pekee cha kimo hicho nilichokijua kilikuwa jukwaa la mbao kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, pale wanapopakilia magunia kwenye lori. Ili nishuke, ilinibidi niende.

Njia inapita kando ya chai ya jirani, na jirani alikuwa kazini, mashine inanguruma. Nilishika hatamu kama mtu anayezama. Nilimnong'oneza farasi maneno ya Kipsigis ambayo baba alikuwa akimwambia, nikingoja aruke. Yeye akachuma jani la pembeni, akatafuna, akaendelea kutembea. Miezi yote ile alikuwa akila karibu na mashine hiyo kila siku. Alishaizoea zamani. Mwoga njiani pale alikuwa mmoja.

Kituoni watu waligeuka wote kunitazama, vikapu vikiwa bado mgongoni. Yule mama aliyepiga vigelegele kushinda wote siku ile alinijia mpaka kwenye jukwaa.

"Mama, si ulisema?"

"Nilisema. Nilikuwa naogopa."

"Na sasa?"

"Naogopa pia."

Akanyoosha mikono. "Haya, kuja nikushukishe."

Jukwaa lilikuwa pale, sawasawa na kimo cha mguu wangu. Mwili wote ulitaka kushuka. Lakini nikishuka pale, nani angenipandisha tena? Ningerudi nyumbani nikichechemea, nikimvuta farasi kwa kamba, na kesho ni Jumamosi. Nilimshukuru yule mama, nikamgeuza farasi, tukarudi kwa njia ile ile, mashine ikiwa bado inanguruma na mimi nikiwa bado nimeng'ang'ania hatamu.

Mume wangu nilimkuta uani, ameshika benchi lililoanguka, uso umesawijika. Alikuwa ameshaanza kuniita kwa sauti. Aliponiona alilisogeza mbio kando ya farasi.

"Shuka, mama. Shuka pole pole."

"Pigia huyo mtu wa Bomet kwanza," nikamwambia. "Mwambie asije."

Alinitazama, akalitazama benchi, kisha akatoa simu mfukoni.