Nusu Diski ya Bure

Chumba cha Fundi Vikongwe kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, na kuingia humo ni lazima upite ubavu ubavu. Kompyuta zilipangwa mpaka darini, zile nene zilizogeuka manjano kama meno ya mvuta sigara, ambazo watu wazima wamezisahau na vijana hawajapata kuziona. Kinu cha kusaga nafaka kilikuwa bado na moja iliyosoma mizani. Mchapaji wa kadi za mialiko alikuwa nayo nyingine, naye hakutaka kusikia habari ya kuibadilisha. Mashine hizo zikigoma, aliyetafutwa ni Fundi. Jina la Vikongwe alipewa kwa kejeli, akalipokea kama cheo.

Kwa mambo mengine alikuwa mtu wa kawaida, tena mwenye haya. Kwenye kadi za diski ndiko alikokuwa na maringo. Katika mashine hizo diski haijiendeshi yenyewe. Inaendeshwa na kadi, kibao cha sakiti kinachochomekwa ndani, na kutoka kwenye kadi zinakwenda waya mbili bapa, mpana wa kuamrisha na mwembamba wa kupitisha maandishi. Ukigeuza waya, diski haisikii lolote. Ukiweka kadi ya kiwanda kingine, haisomi hata neno moja lililoandikwa na kadi ya kwanza. Haya Fundi aliweza kuyaeleza kutwa nzima, na mkewe alikwisha zoea kuitikia "enhe" huku akichambua mboga.

Asubuhi moja ya mvua shemeji yake aliingia, mke wa kaka mkubwa, na nyuma yake mbeba mizigo na mashine iliyofungwa kwenye shuka.

"Shemeji, hii inawaka lakini haifungui kitu."

"Kaka anaendeleaje?"

Shemeji akavuta stuli, akakaa kwanza. Kaka mkubwa alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa kufundisha sauti nne kwa chaki na ubao, mkali wa kuogopwa hata na wazee wenzake. Kiharusi kilimwangusha katikati ya mazoezi. Kilichukua upande mmoja wa mwili na ulimi wote.

"Daktari ametwambia tukae naye nyumbani," shemeji alisema. "Unajua maana yake."

Fundi alijua.

"Sasa humu ndani kuna wimbo. Aliutunga kabla hajaanguka, wa maziko yake mwenyewe. Nilimwambia aache uchuro, akanicheka. Akasema, siku hiyo hamtaimba mnavyotaka ninyi, mtaimba ninavyotaka mimi. Hajaufundisha, shemeji. Hakuna aliyeusikia. Na kila nikitaja kwaya, macho yake yanakwenda kwenye mashine. Anataka ausikie kabla hajaenda."

"Si ana nakala kwenye disketi? Alikuwa hodari wa nakala yule."

"Disketi aliziacha zamani, tangu ulipomwekea ile kadi. Alisema, mdogo wangu amenipa nusu diski ya bure, disketi za nini tena?"

Fundi akacheka kidogo, kwa fahari ya zamani, kisha akachukua bisibisi.

Habari ya nusu diski ni hii. Miaka mingi nyuma diski ya kaka ilijaa, na duniani hapakuwa na diski nyingine ya kununua iliyomtosha mtu wa kipato chake. Fundi akazihamisha nyimbo zote kwenye disketi, akaing'oa kadi ya zamani, akachagua kadi ya kubana. Kadi za aina hiyo huandika herufi zikisongamana, na diski ile ile inabeba mara moja na nusu. Tatizo ni kwamba diski yenyewe lazima iwe imetengenezwa kubanwa. Ya kaka haikuwa hivyo, na karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa diski ilisema waziwazi. Mafundi wote wa wakati ule walijua, na karibu wote walifanya, kwa sababu ukijaribu ilikubali. Ilikubali siku hiyo, na mwaka huo pia. Fundi akazirudisha nyimbo, akamwonyesha kaka nafasi iliyobaki, na kaka, mtu asiyesifu ovyo, akamsimamisha mbele ya kwaya wakampigia makofi. Mdogo mtu hakuwahi kupigiwa makofi tena maishani mwake.

Basi alifungua mashine. Diski ilikuwa kimya, haizunguki. Hiyo haikumtisha. Aliishika mkononi, akaizungusha taratibu mara huku mara kule, mpaka sahani za ndani zikabanduka na kuanza kupiga mluzi. Meno ya kadi aliyasugua kwa kifutio cha penseli. Waya alizikagua, akazibana upya. Akawasha, na majina ya nyimbo yakateremka kwenye skrini.

"Shemeji, zipo!"

Shemeji akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa furaha.

Nyimbo za kwanza zilifunguka bila shida. Fundi alizijua zote, kwa kuwa hata yeye aliwahi kuimba sauti ya tatu kabla kaka hajamfukuza kwa kuchelewa. Do, re na mi zimepangwa kwa herufi na nukta, mistari minne minne, safi kabisa. Akafungua za katikati, zikaja. Akafungua za miaka ya karibuni, na diski ikaanza kugonga, tak, tak, tak, ikitafuta kitu na kukikosa. Skrini ikasema haisomeki. Akarudia. Haisomeki.

Hapo ndipo alipoelewa. Diski huanza kujaa ukingoni ikielekea katikati, na kadiri unavyokaribia katikati ndivyo njia za kuandikia zinavyokuwa fupi na herufi kusongamana zaidi. Palipobanwa kupita kiasi ndipo panapofutika kwanza. Nyimbo ambazo kwaya ilikwisha ziimba mpaka zikaichosha zilikuwa salama ukingoni. Ule ambao haujaimbwa na mtu ulikuwa ndani kabisa, katika ile nusu ya bure.

"Nini, shemeji? Inagonga nini?"

"Nenda nyumbani ukakae na mgonjwa. Nitahangaika nayo."

Alihangaika kweli. Alikuwa na kadi nyingine za kiwanda kile kile, akazijaribu moja baada ya nyingine, maana huenda moja ina sikio jepesi kuliko mwenzake. Hakuna. Akaipasha diski joto kwa taa ya mezani, akaiacha ipoe, akaipasha tena. Ilitoa mstari mmoja, ikafunga mdomo. Mteja wa kinu alikuja kulalamikia mizani, akafokewa, tabia ambayo Fundi hakuwa nayo. Akajitukana peke yake kwa sauti, maneno ambayo fundi cherehani aliyasikia ukutani akasimamisha mashine yake.

Kisha akakumbuka kuuliza. Akampigia shemeji simu.

"Mashine huko nyumbani ilikuwa imelala au imesimama?"

"Ilisimama kwa ubavu. Tulipohamia chumba cha nyuma, kabla hajautunga wimbo, meza ilikuwa ndogo."

Naam! Diski iliyoandikwa imesimama huzoea uzito wa upande huo, na ukiilaza, kichwa chake cha kusomea hupotea njia kwa unene wa unywele. Kwa diski isiyobanwa unywele huo si kitu, lakini kwa iliyobanwa ni kila kitu. Akaisimamisha kwa vitabu viwili, akaiwasha, akazuia pumzi. Wimbo ukaanza kutoka.

Alinakili kwa kalamu kila mstari uliotokea, asiiamini mashine tena. Ubeti ukatoka wote kwa sauti zote nne. Kiitikio kikaanza, kikafika pale sauti ya kwanza inapopanda, na baada ya hapo zikaja takataka, alama zisizosomeka, nyota na mabano. Akarudia mpaka alfajiri, mbinu zake zote zikaisha. Mwishoni diski ilikwaruza kwa sauti ambayo kila fundi anaijua na haitaki, halafu ikasimama. Hakuisukuma tena.

Alipopeleka karatasi, shemeji alimpokea mlangoni.

"Umepata?"

"Nimepata, shemeji. Lakini si wote. Ni nusu."

"Kwani imekuwaje?"

Fundi alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yalikuwa tayari mdomoni.

"Diski imezeeka," akasema.

"Basi tushukuru hata hiyo nusu. Bila wewe angeacha kutunga zamani. Ile diski ilipojaa alikuwa amekwisha kata tamaa, ulijua? Hata kula alisusa."

Fundi akaangalia viatu vyake. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kweli, akaiacha ipite, na kuanzia hapo kusema kukazidi kuwa kugumu.

Kwaya ilijifunza haraka, kama watu walioona kifo kwa macho. Wakaja nyumbani jioni, wakajazana chumba cha nyuma, sauti ya nne ikabaki kwenye ujia kwa kukosa nafasi. Mama kiongozi wa sauti ya kwanza alimvuta shemeji pembeni.

"Tumebuni mwisho mfupi, ili usikatike vibaya. Tuuweke?"

"Msiuweke," shemeji alisema. "Alisema anavyotaka yeye."

Kaka mkubwa alikuwa amelala chali, mto umeinuliwa. Fundi alisimama ukutani, miguuni mwa kitanda. Wakaanza, na toka mstari wa kwanza watu walijua kuwa mzee alikuwa hajatunga kitu kama hiki. Ulikuwa wimbo mpole. Mtu mkali vile, na maziko yake aliyataka yawe ya upole! Mkono wake wa kushoto, uliobaki na uhai, ukainuka juu ya shuka, ukaanza kupiga mapigo, na wanakwaya wakaufuata kama zamani. Ubeti ukaisha. Kiitikio kikaingia, sauti ya kwanza ikapanda, na pale karatasi ilipoishia wakanyamaza wote kwa pamoja.

Mkono haukusimama.

Uliendelea kupiga mapigo polepole. Ukageukia mlangoni na kuwaita sauti ya nne, nao wakatazamana, hawana cha kuimba. Ukawatuliza wanawake. Ukarudi katikati, ukapanuka, ukawaomba wote waongeze, na chumbani hakuna aliyekohoa. Kaka alikuwa amefumba macho, uso umetulia. Mama wa sauti ya kwanza alifungua kinywa kila alipoitwa, kwa heshima tu, bila kutoa sauti. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko walivyodhani. Fundi alifuata kila pigo, akajaribu kusikia, na hakusikia ila mvua juu ya bati.

Mwisho mkono ulipanda, vidole vikafumbwa, ishara ya kukata. Kaka akafumbua macho, akayazungusha chumbani mpaka yakamfikia mdogo wake. Nusu ya mdomo wake ikatabasamu. Akamnyooshea ule mkono.

"Anakushukuru, shemeji," mkewe alisema. "Njoo umshike."

Fundi akasogea, akaushika. Ulikuwa na joto, nao ulimbana kwa nguvu ambayo hakuitegemea, na muda wote huo hakuweza kumtazama kaka yake usoni.