Mwaka Niliowekwa Akiba

Timu ya kinu cha pamba haikuwahi kuwa na mchezaji wa akiba. Mara nyingi haikuwa hata na watu kumi na mmoja. Golikipa wetu alikuwa dresa wa zahanati, na mama mjamzito akishikwa uchungu siku ya mechi, golini tulimweka yeyote aliyekuwa mrefu. Beki mmoja alikuwa fundi cherehani, mwingine mwalimu wa misheni. Waliobaki walikuwa vibarua wa kinu, wenye nyuzi za pamba kichwani hata siku ya Jumapili. Tulicheza peku. Mimi nilishika wingi ya kushoto tangu nina miaka kumi na saba, na kwa misimu miwili sikukosa mechi, isipokuwa moja nilipougua surua. Sisemi nilikuwa hodari kuliko wote. Nasema tu kwamba upande ule ulikuwa wangu, na aliyetaka kupita pale ilibidi anione kwanza.

Kepteni wetu alikuwa fundi mitambo wa kinu, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa miaka thelathini na kitu ambaye huko kwao aliwahi kuchezea timu kubwa. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi ya kuudhi. Nikipoteza mpira aliniuliza kama nyumbani wananipa ugali. Nikifunga hakuniuliza kitu.

Mwisho wa msimu wa pili tulipanda lori la pamba kwenda kucheza na timu ya mgodi wa dhahabu, upande wa Geita. Uwanja wao ulikuwa umesawazishwa kwa mashine, magoli yana nyavu, na wachezaji wao, waliokusanywa kutoka kila pembe ya nchi, walivaa viatu. Walitufunga nne kwa mbili. Mabao yote mawili niliyafunga mimi, na beki wao wa kulia alimaliza mechi ameketi chini akivua kiatu, kana kwamba kosa lilikuwa la kiatu.

Wiki mbili baadaye karani wa mgodini, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa timu yao, alifika nyumbani kwetu kwa baiskeli. Alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili kilimtoka mdomoni kama maji ya mtungi. Alimwamkia baba, akapewa kigoda, akasema haja yake.

"Mzee, tumekuja kumwomba kijana. Atapata kazi ya mwezi, chumba, posho ya unga na maharage, na viatu vya mpira. Kwa sasa tutamweka akiba."

"Mtamweka nini?" baba akauliza.

"Akiba, mzee."

Baba akanitazama, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu mbele ya mgeni.

Hapa ni lazima nieleze. Nyumbani tulizungumza Kisukuma. Kiswahili cha baba kilikuwa cha mnadani na cha barazani kwa mtemi, na kila neno la Kiswahili alilolijua alilijua kwa sababu lilimfikia na shughuli yake. Neno akiba lilimfikia kwa amri. Baada ya mwaka mmoja wa njaa, mtemi aliagiza kila kaya iwe na ghala la akiba, na wakaguzi wake wakapita nyumba kwa nyumba wakichomeka fimbo kwenye mtama kuona kina chake. Mtama wa kula kila siku ulichotwa tu. Wa akiba ulichaguliwa suke kwa suke, ukachanganywa na majivu, ukafunikwa na kusiribwa kwa samadi, na mtoto aliyeugusa alichapwa. Mvua ziliposhindwa tena, ghala la baba ndilo lililolisha ukoo mzima. Kwa hiyo aliposikia kwamba wenye mgodi wa dhahabu wanataka kumweka mwanawe akiba, aliona wamejua kuchagua.

"Wabeja," akamshukuru karani. Kisha akanigeukia mimi. "Ng'wana wane, wenzako watachezeshwa ovyo kila siku mpaka waishe. Wewe utatunzwa. Akiba haiozi."

Ningependa kusema kwamba mimi nilikuwa mjanja zaidi. Sikuwa. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na nilielewa hivyo hivyo alivyoelewa baba: kwamba nitawekwa kwa ajili ya mechi kubwa. Ningejuaje vingine? Katika timu ya watu kumi, akiba ungemtoa wapi?

Aliyejua ni kepteni. Nilimkuta kinuni analainisha mikanda ya mashine, nikamweleza kwa majivuno. Hakuacha kazi yake.

"Mdogo wangu, unajua akiba kwenye mpira ni nani? Ni mtu anayeomba mwenzake aamke na homa. Mechi ikishaanza, hata mtu avunjike mguu, wanabaki kumi. Hakuna anayeingia. Hapa unacheza kila wiki. Kaa misimu miwili zaidi, watakuja kukuchukua ukacheze, si ukakae."

Nilipomfikishia baba maneno hayo, alicheka. Alisema mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa hawezi kushauri auzwe. Nikaona ni kweli, kepteni ananionea wivu. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya tatu nikafunga kisanduku changu cha bati.

Kazi niliyopewa mgodini ilikuwa kwenye stoo ya taa. Mchimbaji anayeingia shimoni ananipa kibati chenye namba yake, nampa taa, akitoka tunabadilishana. Ilikuwa kazi nyepesi, waliyopewa wacheza mpira ili miguu isichoke. Viatu nilipewa siku ya kwanza. Mazoezini wiki nzima nilikimbia kama bata, lakini nilivizoea.

Mechi ya kwanza nilivaa jezi, kaptula na soksi, nikaambiwa nikae kwenye benchi. Nikakaa. Aliyecheza upande wangu alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu mwembamba mwenye mbio, mkubwa wangu kwa miaka mitano hivi. Kipindi cha pili aligongwa kifundo cha mguu akaanza kuchechemea. Maneno ya kepteni wa kinu niliyasikia, lakini niliyasikia kama maneno ya mwenye wivu. Nikasimama, nikakaza kamba za viatu, nikaingia uwanjani.

Nilifika karibu na duara la kati kabla refa hajaniona. Akapuliza filimbi.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Mimi ni akiba," nikamjibu, kwa heshima kabisa.

Uwanja mzima ulicheka. Walicheka wachimbaji, wakacheka wake zao, akacheka refa mwenyewe, na hata yule Mhaya aliyekuwa ameshika kifundo alicheka huku amekunja uso kwa maumivu. Nilirudi kwenye benchi na njia ikawa ndefu. Tangu siku hiyo sikuwa na jina lingine mgodini. "Akiba, lete taa." "Akiba, taa yangu inavuja." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; langu halikupata hata nafasi ya kuvunjika.

Zilipita Jumapili nyingi. Niliwahi kucheza mara mbili tu, zote dhidi ya timu dhaifu, wakati Mhaya amekwenda kwao msibani. Zaidi ya hapo hakukosa mechi. Kazi yake nyepesi ilikuwa kuhesabu mikokoteni shimoni, na kila asubuhi alipokuja kuchukua taa nilimkagua macho kama yana manjano. Nasema jambo la aibu, lakini nimeamua kusema yaliyokuwa: nilimwombea malaria. Niliiomba kanisani, nimepiga magoti. Malaria ikanipata mimi, na aliyeniletea uji siku nne mfululizo alikuwa yeye. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu akinisimulia habari za ndizi za kwao, nami nikiunywa ule uji nikijichukia.

Nyumbani sikusema kitu. Baba aliuliza kwa barua zilizoandikwa na mwalimu wa misheni, nami nilijibu kwamba sijambo na bado nimewekwa akiba. Haukuwa uongo.

Kisha ikaja habari kwamba wateuzi wa timu ya Jimbo la Ziwa watatoka Mwanza kutazama mechi moja mgodini, na kwamba timu itakayocheza na yetu ni ya kinu. Wateuzi hawakuwa wakipita upande wetu. Katika miaka yangu yote ya kucheza walikuja siku hiyo moja tu.

Dereva wa lori la pamba aliniletea kikaratasi cha kepteni. Kiliandikwa kwa penseli: "Wingi ya kushoto hatujaweka mtu. Siku hiyo chezea huku. Nimesema na karani wenu, hana neno."

Nilikwenda kumuuliza karani. Alisema kweli, hana neno, mechi ni ya kirafiki na mimi sina kazi uwanjani. Kitu chepesi namna hiyo! Nilichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo. Lakini jioni hiyo hiyo yule Mhaya alikuja kurudisha taa akikohoa. Kesho yake alikohoa zaidi. Nikaanza kupiga hesabu za mjinga: asipopona, nitacheza mbele ya wateuzi nikiwa na timu kubwa, nimevaa viatu, senta fowadi wa kweli akingoja krosi zangu. Kwenye timu ya kinu ningekuwa peku tena, nikimpigia krosi kibarua. Nikamwambia dereva amwambie kepteni nitaangalia.

Baba alikuja siku moja kabla ya mechi. Alitembea siku mbili, akalala njiani kwa ndugu, kwa sababu alisikia kwamba watu wakubwa wanakuja na aliona sasa ghala linafunguliwa. Alisema atakaa nami siku tatu. Nilimnunulia nyama, nikamwazimia kitanda.

Asubuhi ya mechi Mhaya alikunywa chai ya tangawizi, akatema mate, akasema yuko sawasawa.

Hata hapo nilikuwa bado na nafasi. Lori la kinu lilifika saa nane mchana, wakashuka, nikawahesabu: kumi. Nilikuwa nimeshavaa jezi ya mgodi, nimeketi kwenye benchi, baba yuko kwenye nyasi nyuma yangu. Kepteni alinitazama. Alikuwa amekunja jezi moja ya kinu chini ya kwapa. Alisimama hapo kwa muda, labda wa kufunga kamba za kiatu, kama angekuwa na kiatu. Nilitaka kuinuka. Nilikuwa nimewahi kuinuka mara moja mbele ya watu wale, na kicheko chao kilikuwa bado masikioni. Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua alikuwa amekwenda.

Waliingia kumi. Nilidhani kepteni atapanga upya, amvute mtu mmoja kushoto, kama tulivyofanya siku zote dresa alipokosekana. Hakufanya hivyo. Kila mtu alikaa mahali pake, na wingi ya kushoto ikabaki wazi. Katika kipindi cha kwanza upande huo ulikuwa mbele ya benchi letu, hatua chache tu kutoka kwenye magoti yangu. Mara mbili senta hafu wa kinu alipiga mpira kuelekea pale kwa mazoea, ukapita peke yake ukatoka nje, na mmoja uligonga kiatu changu. Nikaurudisha kwa mkono. Wateuzi walikuwa wameketi upande wa pili, wana kalamu.

Baba hakujua mpira, ila alijua kuhesabu. Mfugaji akiangalia kundi haangalii waliopo, anaangalia aliyepungua. Kipindi cha kwanza kilipokaribia kwisha aliniinamia begani.

"Wale wa kwetu wamepungua mmoja."

"Ndiyo, baba."

"Hapa mbele hakuna mtu. Ni pa nani?"

Ningeweza kusema sijui. "Ni pangu," nikasema.

"Na huku, kwenye mpila wa hawa, pako ni wapi?"

Nikapiga benchi kwa kiganja.

Aliangalia lile benchi, ubao wa kawaida tu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, kisha akaangalia jezi yangu isiyo na vumbi, soksi, viatu. Niliona anaelewa, na ningetoa kila nilichokuwa nacho asielewe. Baada ya mapumziko timu zilibadilishana magoli, pengo likaenda upande wa wateuzi. Kinu kilifungwa tatu bila. Wateuzi waliandika majina mawili: la yule Mhaya, na la wingi wa kulia wa kinu, kijana aliyejiunga msimu wangu wa mwisho kule, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kupiga krosi.

Mechi ilipokwisha nilimwambia baba twende nyumbani, nyama iko tayari jikoni. Alisimama, akajipangusa nyasi, akachukua fimbo yake. Kule barabarani wale wa kinu walikuwa wanapanda lori. Aliwatazama kidogo.

"Mimi narudi na hawa," akasema. "Wana nafasi ya mtu mmoja."