Chumvi Iliyogeuka Bluu

Shangazi yangu Leonsia alipomaliza kidato cha sita mwaka 1996, alikuwa na kemia kichwani lakini hakuwa na kazi. Mradi mmoja wa afya ukampa kichupa cha dawa na kumtuma kwenye magulio ya Biharamulo kupima chumvi. Unadondosha tone moja: chumvi ikigeuka bluu, ina madini joto, itawakinga watu na rovu la shingo; ikibaki nyeupe, haina kitu.

Mwaka ule watu walikuwa wakichunguzana. Wakimbizi kutoka Burundi na Rwanda walikuwa wengi, na mgeni hakununua hata kibiriti bila kuulizwa ametoka wapi. Leonsia alikuwa Mhangaza, Mtanzania wa Ngara mpakani, lakini kwa masikio ya watu wa Runazi, lafudhi yake ilikuwa Kirundi kitupu.

Gulioni Runazi alianza na Kwandu, mjane wa Kisukuma aliyelisha watoto wake kwa kuuza chumvi. Tone likaanguka. Chumvi ikawa bluu kama wino.

"Nzuri sana, mama," Leonsia akasema.

Akapima ya Malongo, muuzaji wa meza ya pili. Ikabaki nyeupe.

"Mmeona?" Malongo akawaambia watu. "Yangu haina siri. Ya mwenzangu imeungama yenyewe."

"Hapana, baba. Bluu ndiyo nzuri."

"Binti, wewe umekula wapi ugali wa bluu?"

Watu wakacheka, lakini mwanamke aliyekuwa amekwisha kununua kwa Kwandu akaimwaga yake chini.

"Ameitoa wapi sumu hii? Kambini?"

"Na huyu mpimaji mwenyewe, si Mrundi huyu?"

Leonsia akaanza kueleza habari za wanga na iodini, kwa sauti yake ndogo. Kadiri alivyoeleza, ndivyo watu walivyosogea kwa Malongo.

Gulio lililofuata Kwandu hakuuza kitu. Akamfuata Leonsia alipoketi.

"Wewe ndiye uliyeipaka rangi. Iondoe. Au njoo uwaambie wanangu watakula nini."

Leonsia alijua namna ya kuiondoa. Shuleni alikuwa amejifunza kwamba maji ya limao huifuta rangi ile. Alijua pia kwamba watu hawataona kemia. Wataona sumu ikitolewa. Akamtazama Kwandu, akaenda kununua limao.

Mbele ya watu akadondosha dawa kwenye chumvi ya Kwandu, ikawa bluu. Akakamua limao. Rangi ikafifia, kisha ikapotea.

"Imetoka," mtu mmoja akanong'ona.

Wakanunua. Walinunua na malimao, na hata wateja wa Malongo walikuja. Leonsia hakuwasahihisha. Chumvi waliyobeba ilikuwa na madini joto, na Kwandu alikuwa akiuza.

Malongo akafunga gunia lake taratibu. "Haya. Ila anayejua kuitoa sumu, anajua na kuitia."

Neno hilo likafika hadi vijiji vya Kaniha na Nyantakara. Leonsia alipokwenda chuo kikuu kusomea kemia, walisema amekwenda kuongeza sumu nyingine. Aliporudi kufundisha kemia, walimu wenzake walimsifu kwa kazi, lakini chai walijipikia wenyewe.

Kisha Kwandu akaozesha binti yake, akamwalika Leonsia. Alimketisha mbele, akawaambia wageni kwamba bila mwalimu huyu wanawe wangelala njaa. Akaleta kibuyu cha pombe ya ndizi, akaonja kwanza kama inavyompasa mwenye nyumba, akampa Leonsia. Leonsia akanywa mafunda mawili, akamnyooshea kibuyu mama aliyekaa kando yake. Yule mama akaitazama mikono ya Leonsia, akageukia upande wa Kwandu.

Kwandu akainuka haraka, akakirudisha kibuyu mapajani mwa Leonsia kwa mikono miwili.

"Hiki ni chako peke yako, mwanangu," akasema kwa upole. "Kwa heshima."

Wageni wakaletewa kibuyu kingine.