Mstari wa Tisa

Kuna watu hupenda kusema, "Laiti ningekuwepo enzi zile!" Vichwani mwao wanasikia tarumbeta na kumwona mfalme amesimama juu ya mwamba, upepo ukimpeperushia joho. Hawa wangemuuliza Patasi, mchongaji wa mawe, ambaye alikuwepo. Alikuwepo kabisa, kwa miguu yake miwili yenye malengelenge, katika vita vile vikuu ambavyo wanafunzi wanakaririshwa mpaka leo. Na alichokiona ni kisogo cha mtu aliyemtangulia, chenye jipu.

Siku nne alilitazama jipu lile. Alilijua kuliko alivyomjua mfalme, maana mfalme hakumwona hata mara moja, alisikia kikohozi tu kikitoka ndani ya machela yenye mapazia. Yale majeshi elfu kwa elfu yaliyosifiwa baadaye yalikuwa watu wapata mia tatu, nusu yao wakiharisha na nusu wakiwacheka wanaoharisha, mpaka zamu zikageuka. Adui naye hakuwa na adabu. Walipofika kwenye ngome yake walikuta ameshahama, ameacha mbwa mmoja na chungu cha maharage yaliyoungua. Wakaichoma ngome. Mbwa akakimbia. Ndiyo vita vyenyewe hivyo.

Waliokufa walikufa wakati wa kurudi. Patasi alikuwa amepelekwa kwa sababu wakubwa walidhani kutakuwa na kuta za kubomoa. Mdogo wake alipelekwa kwa sababu ana mabega. Mtaa mzima ulimwita Mluzi. Alipiga mluzi tangu meno ya mbele yalipomng'oka utotoni, na hakuna wimbo hata mmoja aliowahi kuupatia. Yeye na wenzake watano walipewa kubeba kitanda cha mfalme, kitanda cha mti mzito chenye miguu ya simba, kwani mfalme angelala wapi, chini kama binadamu? Walipofika mtoni wakakuta maji yamefura. Mkuu wa msafara akashauri wangoje kesho. Sauti ndani ya machela ikasema wavuke.

Wakavuka. Watu watatu walisombwa, na kitanda kikafika salama. Mluzi alionekana jioni, amenasa kwenye vichaka huko chini, na Patasi akamzika ukingoni kwa mikono yake, akichimba kwa ngao. Ni kazi pekee iliyofanywa na ngao ile katika vita vizima.

Jeshi lilipoingia mjini, mpiga mbiu alisimama langoni akatangaza kwamba adui elfu kumi wamelala, na kwa upande wetu hakufa hata mmoja. Watu wakashangilia; hata wewe ungeshangilia. Lakini mji ule ulikuwa na sheria yake. Mtu akienda vitani asirudi, na hakufa, basi ametoroka, na nyumba ya mtoro haichoti maji kwenye kisima cha sokoni. Iende bondeni, kwenye chemchemi ya vyura, irudi na mtungi kilimani. Mama yake Patasi alikuwa na magoti yaliyolalamika hata akiinuka mkekani. Sasa yakapewa kilima, mara mbili kwa siku. Wanawake aliowasuka nywele tangu utotoni walijitia hamnazo akipita. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi.

Utauliza, si Patasi alikuwepo, kwa nini asiseme? Ungesema wewe! Kusema Mluzi alikufa ni kusema mfalme ni mwongo, na mdomo umeponza vichwa vingi. Kwa mfalme yule, hiyo haikuwa methali, ilikuwa ratiba. Patasi alimwambia mama yake tu, jikoni, kwa kunong'ona.

Mwezi uliofuata likaletwa karakanani jiwe la kuandikia ushindi, refu kuliko mtu. Wachongaji wa mji ule walichaguliwa kwa sifa moja kubwa, kwamba hawajui kusoma. Asiyejua kusoma habishi. Karani wa mfalme alichora herufi kwa mkaa, mchongaji akaufuata mkaa kwa patasi na nyundo, basi. Kwa miaka ishirini Patasi alikuwa amechonga sheria, sala na matusi kwa wafalme wa jirani, na hakujua lipi ni lipi.

"Bwana karani," alisema siku ya kwanza, "majina ya waliokufa yatakuwemo?"

"Waliokufa akina nani?"

"Mdogo wangu. Si ulikuwa juu ya punda, pale pale mtoni? Ulimwona."

"Punda wangu alikuwa anatazama upande mwingine."

"Jina moja tu, bwana. Hata pembeni. Likisomwa mbele za watu, mama atarudi kisimani. Magoti yake yamekwisha."

Karani alikuna kidevu, akatazama mlango, akatazama dari. Mkono mtupu haulambwi, na Patasi alilijua hilo. Kwa wiki nzima, kila akimaliza kazi ya mfalme, alimchongea mke wa karani jiwe la kusagia, laini, lenye kingo za kuzuia unga usimwagike. Lilipopelekwa, karani alikuja na mkaa wake akachora mstari wa tisa bila kupumzika.

"Haya. Jina la mdogo wako, la baba yenu, na mahali alipofia. Umeridhika?"

"Mungu akuzidishie, bwana karani."

"Chonga, na mdomo uufunge."

Alichonga. Kanuni ya kazi ile ilikuwa kina cha nusu ukucha. Mstari wa tisa alikwenda kina cha ukucha mzima, akasugua kila kona kwa mchanga na maji. Mistari mingine imeshaliwa na mvua, lakini ule unasomeka hata leo na mtu aliyesimama mbali, na wataalamu wenye miwani wamejaza kurasa kueleza kwa nini mfalme aliupenda kuliko yote. Waache waandike, nao wana watoto wa kulisha.

Adhuhuri moja, wenzake wakiwa wamelala kivulini, Patasi alimwingiza mama yake karakanani. Alimshika kidole cha shahada akakipitisha ndani ya herufi moja moja.

"Anaanzia hapa, mama."

"Na hii yenye mkia?"

"Sijui. Labda ndiyo mluzi wenyewe."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu jeshi lirudi, kisha akalia. Alikuja tena kesho yake, na keshokutwa.

Siku ya kuzindua jiwe uwanja ulijaa. Patasi na mama yake walisimama mbele kabisa, kwa heshima ya fundi. Msomaji wa mfalme alikuwa na sauti nzuri na haraka nyingi, maana chakula cha wakubwa kilikuwa kinapoa. Akasoma mfalme alivyouvuka mto kwa ghadhabu, maji yakimpisha. Akasoma adui elfu kumi. Akafika mwisho, akashusha mikono. Mluzi hakutajwa.

Patasi alimtafuta karani kwa macho. Karani alikuwa anachunguza kamba ya kiatu chake kwa makini sana. Patasi akamshika mama yake mkono.

"Mama, twende nyumbani."

Lakini mama alikuwa ameshasogea kwenye jiwe.

"Baba," alimwambia msomaji, "umeruka mmoja."

"Sijaruka, bibi."

"Umeruka. Huu hapa." Alitia kidole kwenye mstari wa tisa bila hata kuangalia.

Msomaji alikuwa mtu muungwana, na hakutaka kubishana na bibi mzee mbele ya mfalme. Aliinama, akafuata kidole kile mwanzo hadi mwisho, kisha akausoma kwa sauti yake yote:

"Na katika watu wa mfalme hakufa hata mmoja!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Ndani ya machela mtu alikohoa kwa furaha. Patasi aliona aibu iliyomfanya atamani mto ule ungemchukua yeye. Alikuwa ameupamba uongo ule kwa upendo wake wote, akaufunza kidole cha mama yake njia.

Mama hakutoa kidole. Alingoja kelele zipungue, kisha akamgeukia mwanawe.

"Ni huu ulionionyesha?"

"Ni huu, mama."

"Unafutika?"

Patasi alilitazama jiwe kama fundi, maana hakuweza kumtazama yeye.

"Haufutiki, mama. Nimeuchonga ndani mno."